Banki ya Upande Huu wa Mto

Kwa miaka ishirini na sita Ursule alizalisha watoto wa Lubunga, upande wa kushoto wa mto unaopita Kisangani, hata ikafika hali kwamba hawezi kwenda sokoni kununua nyanya bila kijana mwenye ndevu kumwamkia na kumwambia kuwa mikono yake ndiyo iliyompokea duniani. Naye alikuwa akiitikia kwa adabu, ingawa nyuso zote zile zilikuwa zimeshamchanganya. Halafu barua ya kazi ikaja. Kituo kimoja cha afya kwenye barabara ya Bangboka, si mbali na kiwanja cha ndege, kilikuwa hakina mzalishaji mwenye uzoefu, na jina lililoandikwa kwenye barua lilikuwa la kwake. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mume wake, Cyprien, mzee wa reli aliyestaafu, aliisoma barua ile mara mbili, akavua miwani, akasema kwamba serikali humkumbuka mtu pale anapokuwa amechoka.

Walihama. Kitanda, viti vinne, masufuria na sanduku la mbao la Cyprien vilivuka mto kwa mtumbwi wa mota, vikapandishwa kwenye kari moja, lori dogo la abiria na mizigo, iliyokuwa ikielekea Bangboka na magunia ya makaa. Ndani ya sanduku lile Cyprien alitunza karatasi zote za maisha yao: cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo, barua zake za reli tangu siku ya kwanza ya kazi, na kitabu cha banki cha Ursule. Nyumba mpya ilikuwa na vyumba viwili na baraza, na nyuma yake udongo mweusi ambao Cyprien aliuonja kwa vidole siku ile ile na kuanza kuuchimba kesho yake. Yeye alizoea upesi. Ursule naye alizoea, isipokuwa kwa jambo moja tu, nalo lilikuwa mshahara.

Tangu serikali ilipoamua kuwalipa watu wake kwa njia ya banki, mshahara wa Ursule ulikuwa ukiingia kwenye guishe ndogo, dirisha la malipo la banki, kule Lubunga, hatua chache kutoka stesheni. Alipoishi kule, kuchukua mshahara kulikuwa kazi ya kabla ya chai. Sasa ilimbidi apande moto, pikipiki ya abiria, hadi mjini, ashuke hadi libongo ambako mitumbwi hupakia watu, avuke, atembee, apange foleni, kisha njia yote hiyo airudie nyuma. Mwezi wa kwanza ilimla siku nzima. Mwezi wa pili upepo wa mvua uliamka akiwa bado upande wa mjini, na wenye mitumbwi wakakataa kuvuka. Ulipotulia, guishe ilikuwa imefungwa. Alilala Lubunga kwa shemeji yake, akachukua pesa asubuhi, akafika kazini saa saba mchana.

Alimkuta Chimène, muuguzi wa kituo, amekaa kwenye ngazi na aproni bado mwilini. Usiku ule mwanamke mmoja alikuwa ameletwa, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Chimène alikuwa muuguzi mzuri, lakini hakuwa mzalishaji, na jambo lile alikuwa amelisoma tu katika kitabu. Mama alipona, mtoto naye alipona, baada ya kulia kwa kuchelewa mno. Chimène hakumlaumu. Alimwambia tu, polepole, akiangalia viatu vyake: "Mama Ursule, niliita jina yako kama vile mutu anaita Mungu. Ukuwe unaenda banki yenye iko karibu."

Neno lile Ursule alienda nalo nyumbani. Aliwaza usiku kucha, na asubuhi alikuwa ameamua kuhamisha mshahara uje upande huu wa mto. Ila swali lilikuwa banki gani. Na jambo geni kwake ni kwamba hakuanza kwa kumuuliza Cyprien.

Si kwamba Cyprien alikuwa mtu mbaya. Katika miaka yote ile hakuwahi kugusa hata faranga moja ya mke wake bila kumwambia. Lakini kitabu cha banki kilikaa kwenye sanduku lake, na ufunguo wa sanduku ulikaa kwenye mshipi wake. Kila mwisho wa mwezi alikitoa, akampa Ursule, na jioni akakipokea na kukirudisha mahali pake, kama stesheni inavyopokea treni. Wote wawili walikuwa wamezoea hivyo, na jambo lililozoewa halina mwenye kuliuliza.

Ursule alikuwa na siku mbili za mapumziko. Ya kwanza alienda mjini, kwenye ile banki kubwa ambayo wafanyakazi wengi wa serikali huenda. Sakafu yake ilingʼaa, na ndani mlikuwa na baridi iliyomfanya ajifunike kitambaa mabegani. Alipewa kikaratasi chenye namba, akakaa nacho tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu saa sita. Alipofika mbele ya kijana wa guishe alimuuliza swali moja alilokuwa amelitayarisha: siku mtandao ukikatika, wanafanyaje na watu waliokuja. Kijana alisema wanafunga, watu wanarudi kesho. Ursule akauliza, na yule aliyetoka mbali je? Kijana akasema, kesho. Hakuwa na ukali wowote, ila katika mazungumzo yote hakuinua macho, na Ursule alitoka akijua kipara cha kijana yule kitakavyokuwa baada ya miaka kumi, bila kujua macho yake ni ya rangi gani.

Kulikuwa pia na pesa ya simu. Hatua mia mbili kutoka kituo cha afya palikuwa na kibanda cha mama mmoja mchangamfu aliyeweka na kutoa pesa chini ya mwavuli wa njano. Ursule alimpenda. Lakini alikaa naye kidogo, akaona watu watatu wanakuja kuchukua pesa na wote watatu wanaambiwa wangoje, kwa sababu pesa taslimu ilikuwa imekwisha. Mama wa kibanda mwenyewe alikiri kwamba siku za mishahara hali huwa hivyo tangu asubuhi. Tena Ursule alijifahamu. Mwaka uliopita simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya dawa, akakaa majuma mawili bila simu na bila kuikumbuka.

Siku ya pili alikwenda mahali ambapo Chimène alikuwa amemwelekeza. Ilikuwa banki ndogo iliyokuwa katikati ya njia ya kwenda mjini, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa duka la simenti, na ukiinama bado uliona vumbi la kijivu kwenye pembe za sakafu. Guishe zilikuwa mbili tu. Ursule hakwenda mbele mara moja. Alikaa kwenye benchi kama mtu anayemngojea mwenzake, akaangalia. Hivyo ndivyo alivyofanya kila alipotembelea chumba cha kuzalia cha hospitali nyingine: hakuangalia rangi ya ukuta, aliangalia macho ya wafanyakazi yanakwenda wapi. Aliona mzee mmoja amesahau miwani yake, na binti wa guishe anamsomea karatasi kwa sauti ya chini ili watu wengine wasisikie. Aliona pia mtu mmoja amekatazwa jambo na kuelezwa sababu, naye akaondoka bila kununa.

Binti yule aliitwa Rachida. Alijifunga kitambaa cheupe kichwani, na kwa majina ya ukoo wake Ursule alimjua kuwa ni wa zile familia za Kiislamu za zamani ambazo baba zao walifanya biashara mjini kabla mji haujaitwa Kisangani. Ursule alimuuliza swali lile lile la mtandao.

"Hapa inakatikaka mara mbili, mara tatu kwa juma," Rachida alisema. "Tunaandika majina ya wenye walikuwa hapa, kwa mustari. Kesho ni wao wa kwanza. Lakini mama, sitakudanganya. Siku za malipo pesa inaweza kuisha hapa saa nane. Ukuwe unakuja asubuhi."

Ursule alimuuliza wanakata kiasi gani kila mwezi. Alipoambiwa, aliandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, kama alivyoandika saa za uchungu wa mwanamke akiwa hana karatasi karibu. Haikuwa banki iliyokata kidogo kuliko zote. Lakini alikuwa ameambiwa ubaya wake kabla ya uzuri, na katika kazi yake alikuwa amejifunza kumwamini mtu wa namna hiyo.

Jioni, wakiwa wanakula, alimweleza Cyprien. Alimweleza yote kwa mpango, banki kubwa, kibanda, banki ndogo, na neno la Chimène. Cyprien alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama banki ile ndogo ni ya watu imara, akaridhika nusu. Kisha akasema kesho kutwa watakwenda pamoja.

"Nitaenda peke yangu, Papa Amani," Ursule alisema.

Amani alikuwa binti yao wa kwanza, aliyeolewa Buta, na kwa jina lake waliitana tangu siku alipozaliwa. Cyprien alimtazama mke wake, akarudi kwenye sahani yake.

Asubuhi alitoa meza barazani, akavaa shati safi, akaanza kuandika barua. Aliandika kwa mwandiko wa watu wa reli ya zamani, herufi zimelala upande mmoja kama majani ya mpunga wakati wa upepo. Karatasi ya kwanza aliichana kwa sababu ya doa. Ya pili ikatoka vizuri. Alisema humo kwamba yeye, Cyprien, mume halali wa Ursule, anampa mke wake ruhusa ya kufungua akaunti katika banki hiyo na kuitumia apendavyo. Aliweka sahihi, akaikunja, akaitia katika bahasha.

"Bila hii watakurudisha," alimwambia.

Ursule aliipokea kwa mikono miwili. Aliamini kwamba ni kweli, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2012, walipofungua ile akaunti ya Lubunga. Alijua pia kwamba Cyprien aliandika kwa moyo mwema. Hata hivyo, njiani, juu ya moto, bahasha ile ndani ya mfuko wake ilimsumbua kama kokoto katika kiatu.

Rachida alimpokea, akachukua kadi ya uchaguzi, cheti cha makazi kutoka kwa mkuu wa mtaa, picha mbili na barua ya kazi. Alijaza fomu akimuuliza polepole. Alipomaliza, Ursule akaitoa ile bahasha na kuisukuma chini ya kioo. Rachida aliisoma. Akaisoma tena, kama mtu anayesoma maneno anayoyafahamu lakini haelewi yamekuja kufanya nini.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ni ya bwana. Ya ruhusa."

"Haiko lazima tena, mama. Sheria ilibadilikaka, tangu elfu mbili na kumi na sita. Mwanamuke mwenye aliolewa anajifungulia yeye mwenyewe."

Kwa kazi yake neno lile lilimchekesha Ursule, akacheka kidogo, na Rachida naye alipoelewa akacheka. Kisha kicheko kikamwishia. Miaka minane. Kwa miaka minane barua ya namna ile haikuwa na maana, na hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Hakuona furaha sana. Alijiona kama mtu aliyebeba mzigo kichwani kutoka shambani, akafika nyumbani, ndipo akaambiwa kwamba gari lilikuwa likipita nyuma yake njia yote. Aliweka sahihi yake mahali alipoonyeshwa, mara tatu. Rachida alimrudishia bahasha, akimwambia kwa heshima kwamba mwandiko ule ni mzuri na asiutupe.

Nyumbani aliiweka bahasha mezani. Cyprien alimuuliza kama waliichukua, naye akamwambia ukweli, bila kuupunguza wala kuuongeza. Cyprien aliifungua bahasha, akaisoma barua yake mwenyewe tangu mwanzo hadi sahihi, akaiweka chini. Alitoka nyuma ya nyumba, na kwa siku mbili mazungumzo yake yote yalikuwa na migomba.

Siku ya tatu, jua likiwa linashuka, alikuja akakaa barazani, karibu na Ursule aliyekuwa akichambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe.

"Mi sikujua hiyo sheria," alisema.

"Hata mi."

"Unakumbuka mwaka ule? Kwenye kazi yetu ya reli, wanaume wengi walikataa. Walisema mushahara ya bibi ipite kwenye akaunti ya bwana. Walinicheka. Mi nilivaa veste, nikaenda na weye. Ule mutu wa banki aliniuliza bibi yako ataruhusiwa kutoa pesa ngapi kwa mwezi. Nilimujibu, yote. Ni yake."

Mikono ya Ursule ilisimama kwenye majani. Miaka kumi na mbili aliishi na mtu huyu baada ya siku ile, na maneno yale alikuwa hajawahi kuyasikia. Aliyakumbuka mambo mengine. Alikumbuka mtu wa banki akimwambia akae kwenye benchi ya nyuma. Alikumbuka mgongo wa Cyprien na uso wa yule mtu wa banki, wakizungumza juu yake kwa sauti ndogo, na yeye, aliyekuwa ametoka kuzalisha mapacha asubuhi ile, ameshika mkoba mapajani akingoja kuambiwa kama amekubaliwa.

"Sikusikia," alisema. "Weye ulisimama kwenye guishe. Mi nilikuwa kwenye benchi."

Cyprien alikaa akilifikiri neno hilo. Ilionekana kwamba ile benchi ilikuwa haimo kabisa katika kumbukumbu yake. Yeye alikuwa amebaki na veste, lile koti lake la suti, na jibu lake zuri, na kicheko cha wenzake wa reli.

"Kwangu hiyo barua ilikuwa zawadi," alisema mwishoni.

"Najua, Papa Amani. Na kitabu changu kilikaa kwenye sanduku yako miaka kumi na mbili."

"Nilikuwa nakichunga."

"Ulikichunga muzuri. Lakini hukuniuliza kama nataka kichungwe."

Cyprien alivuta lile rundo la majani, akachukua nusu yake, akaanza kuchambua naye, vibaya, akiacha vikonyo, na Ursule akamwacha avichambue hivyo hivyo. Usiku ule sombe ilikuwa na miti-miti ndani, na hakuna aliyelalamika.

Kuhamisha mshahara kulichukua miezi mitatu. Karatasi zilipotea mara moja katika ofisi ya mjini, na Ursule akazipeleka upya. Mara moja alienda na kuambiwa kwamba anayeweka muhuri yuko kwenye msiba. Katika muda ule aliendelea kuvuka mto kwenda Lubunga, lakini kila mara alimwarifu Chimène siku tatu mapema, na katika mapumziko yao alimfundisha, kwa mto wa kulalia na mwanasesere wa matambara, jinsi ya kumsaidia mtoto anayetanguliza miguu. Mara ya mwisho kwenda Lubunga aliifunga akaunti ile. Mtu wa guishe, aliyekuwa mpya na asiyemjua, alimuuliza kwa nini anaondoka, naye akasema amehama tu.

Mshahara wa kwanza ulipofika kwenye banki ndogo, alikwenda asubuhi kama alivyoshauriwa. Alimkuta Rachida yuko kwenye guishe ya pili. Mtandao ulikuwa umekatika tangu saa moja. Majina yaliandikwa, na la Ursule lilikuwa la nne. Alirudi kituoni, akafanya kazi yake, na kesho yake saa mbili na nusu alikuwa ameshachukua pesa zake na kutoka. Wakati wa kuondoka alimwambia Rachida kwamba wanawake wengine wawili wa kituo watakuja juma hilo kufungua akaunti, na kwamba mmoja wao ni mwoga, amsomee polepole.

Cyprien pia alianza kuuliza maswali yake. Pensheni yake ya reli, ile inayokuja na kupotea, bado ilikuwa ikilipwa mjini. Aliuliza kama banki ile ya simenti inapokea pia watu wa pensheni. Ursule alisema hajui, aende akaulize mwenyewe, amtafute binti mwenye kitambaa cheupe. Akaenda siku moja, peke yake, amevaa veste. Aliporudi alisema kwamba yule mtoto ana adabu, lakini benchi yao ni ngumu.

Lakini asubuhi ile ya kuchukua mshahara wa kwanza, alipotoka na pesa zake, Ursule alisimama kidogo mbele ya mlango. Watu wa toleka walimwita na baiskeli zao, akawaonyesha mkono wangoje. Miaka yote ile, kutoka banki hadi nyumbani, alikuwa hajawahi kusimama popote njiani. Ngʼambo ya barabara mama mmoja alikuwa akiuza lituma, ndizi zilizopondwa zingali za moto, na vipande vya samaki katika mchuzi wa pilipili. Ursule alivuka, akakaa kwenye kigoda, akaagiza sahani kubwa. Alikula taratibu, akiondoa miiba na kuiweka kando moja moja, akiangalia magari ya kiwanja cha ndege yanavyopita na vumbi lao. Mama wa lituma alimuuliza kama yeye ni mgeni wa huku. Ursule alisema ndiyo, ametoka Lubunga, lakini sasa anakaa huku. Alipomaliza alinawa mikono, akalipa, akapanda toleka ya kwanza iliyosogea, akamwambia mwenye baiskeli ampeleke kituo cha afya, maana saa nne zamu yake ilikuwa inaanza.